Begi la kamera lenye sponji: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Napiga picha za harusi na za safari, makazi yangu Tanga, na haipiti wiki bila mtu kuniuliza habari za begi. Kuna wanaonisimamisha njiani Ngamiani, kuna wanaotuma ujumbe wa sauti saa tano usiku kwa sababu alfajiri wana kazi Pangani. Majibu nimeyakusanya hapa.

Jambo moja kabla hatujaanza. Ushauri mwingi wa mabegi umeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi, ambao hofu yao kubwa ni kamera kuanguka. Kamera za Pwani zinakufa zaidi kwa unyevu na chumvi. Ndiyo maana baadhi ya niliyoandika hapa yatapishana na uliyokwisha kuyasoma kwingine.

Kwani begi la shule halitoshi? Kamera naifunga kanga, naitia ndani.

Kanga inazuia mikwaruzo, kishindo haizuii. Begi likigonga nguzo au ukingo wa kiti, nguvu yote inapita kwenye kitambaa na kuishia pale lenzi inapoungana na kamera, na hapo ndipo penye udhaifu. Pete ya chuma ikipinda kidogo tu, upande mmoja wa picha unakuwa na ukungu usiokwisha. Halafu pamba huvuta unyevu na kukaa nao. Ukiifunga kamera kwa kanga yenye jasho la safari, umeivika nguo mbichi.

Begi lako la shule usilitupe lakini. Kuna vifuko vya sponji vya kutumbukiza ndani ya begi la kawaida, vyenye vigawanyio vyake. Kwa mwenye kamera moja na lenzi mbili, hiyo ndiyo njia ya gharama ndogo kuliko zote, nami naipenda kwa sababu nyingine nitakayoisema kwenye swali la wezi.

Ninunue begi la ukubwa gani?

Tandika mkeka, vitoe vifaa vyote unavyokwenda navyo kazini, vipange kama vitakavyokaa, kamera ikiwa na lenzi yake kabisa. Chukua futi, pima urefu, upana na kina. Hivyo ndivyo vipimo vya ndani unavyovitafuta. Muuzaji atakutajia vya nje, na sponji za pembeni hula sentimita 2 hadi 4 kwa jumla kila upande unaopima.

Kina ndicho kinachowaponza watu. Lenzi ya kuvuta mbali ya 70-200 ya f/2.8 (namba za kwanza ni milimita za kuvuta picha, f ni ukubwa wa tundu la mwanga) ina urefu wa karibu sentimita 20 peke yake. Ikiwa imefungwa kwenye kamera, mabegi mengi ya begani hayafungiki, zipu inavutwa kwa nguvu, na baada ya miezi sita meno yanaachia.

Pima uzito pia, hapo ndipo watu wanaposhtuka. Canon 5D Mark IV na betri yake ni gramu 890. Lenzi ya 24-70 f/2.8 toleo la pili ni gramu 805. Ile 70-200 ni karibu kilo 1 na nusu. Ongeza lenzi ndogo ya 50 ya f/1.8, gramu 160, flashi na betri zake zaidi ya nusu kilo, betri mbili za akiba, chaja. Umevuka kilo 4, na begi lenyewe bado hujalihesabu, ambalo likiwa na sponji nzito huwa kilo 1 na nusu au 2. Tia na kompyuta ndogo, unakaribia kilo 8, na harusi inaanza saa nane mchana.

Acha nafasi ya lenzi moja zaidi, basi. Ukiacha nafasi ya lenzi tatu utazijaza, na mgongo ndio utakaolipa.

La mgongoni, la begani, au la kiunoni?

Inategemea unafanya kazi gani na unavaa nini.

La mgongoni ndilo linalobeba vizuri. Uzito unagawanyika mabega mawili, na likiwa na mkanda wa kiunoni, nyonga nazo zinasaidia. Kwa Lushoto, Amani, Magoroto, kokote unakotembea saa zima kabla ya picha ya kwanza, usifikirie jingine. Ubaya wake ni kwamba kila unapobadilisha lenzi ni lazima ulishushe. Na ndoa ikifungwa msikitini ni tabu: umevua viatu, wazee wameketi safu kwa safu, ukigeuka tu begi limempiga mtu kofia. Nimeshaona mzee akigongwa bega na begi la kijana aliyekuwa anarudi kinyumenyume, na picha ya ijabu, yale maneno ya kufunga ndoa, ikampita kijana huku anaomba radhi.

La begani kwenye shughuli ni raha. Linafunguka juu, mkono unaingia, lenzi inatoka, macho hayajamwacha bwana harusi. Lakini bega moja kwa saa sita si jambo dogo. Livae likivuka kifua, mkanda uwe mpana, vidole vitatu au zaidi.

Kwa akina dada wanaopiga picha upande wa wanawake wakiwa na baibui: kitambaa cha baibui kinateleza, na mkanda wa nailoni juu yake hautulii. Tafuta wenye pedi ya mpira upande wa chini, ule mpira wenye vinundu. Usipopata, fundi wa viatu anakushonea kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwa dakika chache. Dada mmoja tunayefanya naye kazi amekuwa na kipande hicho kwa miaka, na mkanda haujamtelezea tangu siku hiyo.

La kiunoni ni zuri kwa kamera ndogo zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) na lenzi mbili fupi. Kwa vifaa vizito linavuta suruali na kukuchosha nyonga. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Sponji nzuri nitaijuaje?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na wachache huniuliza.

Sponji zipo za namna mbili. Ya kwanza ni ya godoro: vitundu vyake vimefunguliana, hewa na maji vinapita. Ya pili ni kama ya kandambili: kila kitundu kimefungwa peke yake, hewa imenaswa ndani, maji hayaingii. Ya godoro ni laini, inapendeza kuishika dukani, na ndiyo inayowauzia watu mabegi. Ukiibonyeza kwa kidole gumba inalala hadi unaugusa ubao wa nyuma. Kishindo kikija, nayo italala hivyohivyo. Ya kandambili inakusukuma, inashuka kidogo, ukiachia inarudi palepale.

Kwa hiyo dukani bonyeza. Bonyeza sakafu ya begi kwanza, kwa sababu begi likiwekwa chini kwa pupa ndiyo inayopokea. Mabegi mengi ya bei nafuu yana sponji nzuri pembeni na kijiubao chembamba chini, jambo ambalo sijawahi kulielewa. Halafu bonyeza pembe, pale pande mbili zinapokutana. Mara nyingi pembeni sponji imeisha kabla ya mshono. Chukua kigawanyio kimoja, kikunje. Kikibaki na mstari mweupe au kikivunjika, rudisha. Kitambaa cha ndani kiwe laini na kisitoe manyoya: pitisha kiganja, kisha kitazame kwenye mwanga.

Unene wa milimita 10 wa sponji ya kandambili unatosha vigawanyio. Chini ningetaka 15. Kuzidi hapo unabeba sponji, hubebi kamera.

Kwetu hapa hiyo ya godoro ina dhambi kubwa kuliko ulaini. Inakunywa unyevu. Na hapo tunafika kwenye swali lifuatalo.

Je, kamera inaweza kulala ndani ya begi?

Hapana. Jibu hili nimelirudia kwa watu wengi kuliko jingine lolote, na bado kila mwaka naletewa lenzi yenye utando mweupe ndani, kama mizizi midogo au nyuzi za buibui. Hao ni fangasi. Mbegu zao zimo hewani kila mahali, hakuna nyumba isiyo nazo. Wanachosubiri ni giza, hewa tulivu, na unyevu unaokaa juu ya asilimia 60 au 70 kwa muda mrefu. Hapa Tanga asubuhi nyingi unyevu wa hewa unavuka asilimia 80. Sasa tazama begi la sponji lililofungwa zipu na kuwekwa juu ya kabati: giza, hewa haipiti, na ndani yake kuna jasho la harusi ya Jumamosi. Umewajengea nyumba.

Begi linalokulindia kamera barabarani ndilo linalokuozeshea nyumbani. Kila ninachokushauri kwenye ukurasa huu kinatokana na hilo.

Fangasi wakianza hula utando wa rangi uliopakwa juu ya kioo. Fundi anaweza kuifungua lenzi na kuwasafisha, lakini walipokula hubaki na alama, na picha zinazopigwa kuelekea jua hupoteza weusi wake.

Basi ukirudi kazini, hata ukiwa umechoka vipi, toa vifaa. Futa kwa kitambaa kikavu. Viweke kwenye kontena la plastiki la jikoni, lile lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na silika, chembe zile zinazowekwa kwenye maboksi ya viatu. Vipakiti vya viatu ni vidogo na vingi vimeshashiba; nunua silika ya kupima, gramu 200 au 300 kwa kontena moja, ya ile inayobadilika rangi. Ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba. Ya bluu hugeuka waridi, na hiyo ina kobalti, kwa hiyo usiikaushe kwenye kikaango cha chakula. Ukiipasha kwenye joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili hivi inarudi kazini. Tia na kipimo kidogo cha unyevu. Kikisoma kati ya 40 na 50, lala usingizi. Usiukaushe kupita kiasi, mpira na mafuta ya ndani ya lenzi navyo vinahitaji unyevu kidogo.

Wanaoniuliza habari za mchele: mchele haukaushi hewa kwa kiwango hicho, na vumbi lake la wanga linaingia kwenye kila tundu. Mchele tupike.

Na begi lenyewe liache wazi usiku kucha, vigawanyio vimetolewa, mbele ya feni ikiwezekana.

Nikitoka chumba chenye kiyoyozi lenzi inajaa ukungu. Begi linasaidia?

Linasaidia sana, na hapa sponji nene ni rafiki. Kitu chenye ubaridi kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, matone ya maji hujitokeza juu yake kama kwenye chupa ya soda. Ukitoka hotelini Raskazone na kamera mkononi, itakutokea. Iache ndani ya begi lililofungwa, toka nalo nje, subiri nusu saa bila kulifungua. Sponji inaifanya kamera ipate joto polepole, na hewa ya nje yenye maji haijaifikia.

Safari za Lushoto zina jambo hilohilo. Kule juu, kiasi cha mita 1,400, vifaa vimelala kwenye baridi. Ukishuka zile kilomita 33 za kona hadi Mombo, joto linakupokea mlangoni mwa gari. Usifungue begi kwa ajili ya picha ya machungwa ya barabarani. Kunywa kwanza maji, kamera ipate muda.

Begi lililoandikwa kwamba haliingii maji, kweli haliingii?

Kwenye kitambaa hayaingii, mara nyingi ni kweli. Maji yanapita kwenye zipu na kwenye matundu ya sindano ya mshono. Mvua ya dakika tano utavuka nayo. Mvua ya masika, ile ya Aprili inayomwagika kutwa nzima, hutavuka. Kwa hiyo lazima liwe na kava la mvua, na kava hilo liwe limefungwa kwa kamba ndani ya mfuko wake, lisipeperuke na upepo. Jaribu kulivalisha begi likiwa limejaa na stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu, imefungwa pembeni. Makava mengi yameshonwa kwa begi tupu.

Zamani tulikuwa tunasema, mvua ikija tia kwenye rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata ile iliyobakia majumbani imeshapasuka. Mimi nina mfuko mkavu wa mabaharia, ule unaokunjwa mdomo mara tatu na kubanwa. Ninautia ndani ya begi umekunjwa, hauna uzito, na siku ya boti ndio unaobeba kamera.

Nakwenda kisiwa cha Maziwe, au napiga picha za wavuvi alfajiri. Nizingatie nini?

Chumvi na mchanga, na chumvi ni mbaya zaidi kwa sababu huioni. Upepo wa kusi unarusha matone ya bahari mbali kuliko unavyofikiri, na yakikauka kwenye zipu yanaacha chembe zinazosaga meno. Chagua begi lenye zipu kubwa za plastiki ngumu. Za chuma hapa pwani zinaota kutu, na kishikio chake kinabaki mkononi mwako.

Maziwe ni fungu la mchanga tupu, miti yake ilikwisha zamani, hakuna kivuli cha kuliweka begi. Nenda na la rangi ya kijivu au khaki. Jeusi juani linageuka jiko. Usiliweke mchangani hata kidogo. Lining'inize, liache mabegani, au litandikie turubai. Mchanga mmoja ukiingia kwenye zipu ya ndani utaishia kwenye kioo cha lenzi.

Ndani ya ngalawa au boti usilivae mgongoni likiwa limefungwa mkanda wa kifua. Ukianguka majini linakuvuta. Kamera inanunulika nyingine.

Kwenye bodaboda, baiskeli na basi je?

Mji wetu ni wa baiskeli, na baiskeli inaua lenzi kimyakimya. Usifunge begi kwenye keria. Mtetemo wa barabara unalegeza parafujo ndogo za ndani ya lenzi, sponji hata iwe nene namna gani, kwa sababu mtetemo si kishindo kimoja, ni maelfu. Livae mwilini. Nyama yako inapooza mtetemo kuliko chuma.

Kwenye bodaboda, kama wewe ni abiria, livae kifuani kati yako na dereva, mikanda miwili mabegani. Ukilivaa mgongoni huoni nani anayelishika pale kwenye foleni, na dereva akikanyaga breki uzito unakusukuma.

Basi la Dar es Salaam ni kilomita kama 350. Kondakta atakwambia "weka buti, kaka, liko salama". Buti lina joto, vumbi, na ndoo ya samaki ya mtu mwingine juu ya begi lako. Pakata. Kama halipakatiki, ni kubwa mno kwa safari hiyo.

Wezi wanalitambua begi la kamera. Nifanyeje?

Wanalitambua kwa jina la kampuni lililoshonwa kwa herufi nyeupe. Lifumue kwa kijiwembe, dakika kumi, begi halijali. Kwenye la mgongoni tafuta lile linalofunguka upande wa mgongo wako; likiwa limevaliwa hakuna zipu ya kufikiwa na mtu wa nyuma.

Na hapa ndipo ninapokipenda kile kifuko cha sponji cha kutumbukiza. Asubuhi sokoni Mgandini mimi huenda na kikapu cha ukindu, kifuko kimo ndani, juu nimeweka kanga iliyokunjwa. Hakuna anayekitazama mara mbili. Watu nao wananipokea tofauti, naingia kama mnunuzi, na mama muuza dagaa ananiita mwanangu kabla hajaiona kamera. Tumia ukindu, usitumie kikapu cha mkonge kama hujakitia bitana: mkonge hutoa nyuzi nyuzi, na nyuzi zile zinaingia kila mahali.

Rangi ya madoa ya jeshi inapendeza porini. Ninunue?

Usinunue. Jeshi letu limekuwa likiwaonya raia juu ya mavazi yanayofanana na sare zake, na begi lenye madoa hayo ni kujitafutia maswali njiani bure. Khaki tupu inakuficha porini vilevile.

Fundi wa hapa anaweza kunishonea?

Anaweza, na akielekezwa vizuri atakupa begi zuri kuliko nusu ya yanayoletwa. Mpelekee sponji yako mwenyewe, la sivyo atatumia ya godoro. Mkeka wa mazoezi wa sponji ngumu, wa milimita 10, unatosha begi zima na vigawanyio. Gundi ya viatu inashika vizuri, ila iache sponji ikae nje siku nne au tano kabla ya kutia kamera, mvuke wake si mzuri kwa vioo wala kwa pua.

Mwambie ashone mkanda upite chini ya begi mzima mzima, usianzie kwenye pembe. Mabegi mengi ya fundi yanakatika pale mkanda uliposhonwa kwenye kitambaa peke yake. Mshono wa msalaba ndani ya mraba, uzi wa nailoni, mara mbili. Vigawanyio viwe na velkro, ile ya kunatana kama ya viatu vya watoto, ili ubadilishe mpangilio. Usimharakishe. Fundi aliyeharakishwa anaruka mshono wa chini, ule usiouona.

Sampuli ndiyo lugha nzuri. Azima begi la mwenzio, mpelekee alione kwa ndani.

La mtumba je?

Yapo mazuri sana, mengine ya kampuni ambazo mapya yake hatuyawezi. Lakini geuza ndani nje. Rangi ya mpira iliyopakwa ndani ya kitambaa huoza kwa unyevu na umri. Inaanza kunata kama embe bivu, kisha inamenyuka magamba. Ikianza haikomi, na magamba yale yanaingia kwenye kamera. Ponda sponji ya pembeni kwa vidole. Ikitoa unga, pita. Nusa. Harufu ya ghala lenye maji maana yake fangasi wameshahamia kabla ya kamera yako.

Zipu zikiwa ngumu lakini meno yote yapo, usiogope. Nta ya mshumaa inazilainisha. Mafuta ya kupikia usipake, yanakusanya vumbi.

Sanduku gumu la plastiki si salama zaidi?

Ni salama dhidi ya maji na kukanyagwa, na kwa safari ya gari lenye mizigo mingi silikatai. Ila masanduku ya ukubwa wa kuingia nayo kwenye ndege ni mazito, mengine yanazidi kilo 5 yakiwa matupu, hayavaliki, na ukumbini kila mtu anajua ndani kuna nini. Na kumbuka kwamba linaloziba maji yasiingie linaziba pia unyevu usitoke. Ukilifunga kwenye hewa ya asubuhi ya Tanga, umefunga na hewa hiyo ndani. Lisikose silika.

Nikisafiri kwa ndege?

Kwa ndege ndogo za huku kwetu na za mbugani, kikomo cha kawaida ni kilo 15 kwa mtu, pamoja na cha mkononi, na wanataka mizigo laini. Sanduku gumu unaweza kuachwa nalo. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini, zinakaa na wewe, ncha zake zimefunikwa. Za kamera hazina wasiwasi; betri ya Canon LP-E6N ni kama wati-saa 14, na kikomo cha kubeba bila kuomba ruhusa ni 100.

Mapango ya Amboni na begi kubwa, inawezekana?

Vyumba vikubwa ndiyo, lakini kuna mapito ya kuinama hadi kutambaa, na mawe ya chokaa yanakwangua kitambaa. Stendi ukiifunga pembeni mwa begi itakukwamisha. Ishike mkononi. Mimi huingia na begi dogo la begani, kamera moja, lenzi pana moja, na tochi, na sibadilishi lenzi mle ndani: popo wako juu yako.

Nimeanza tu, nina kamera moja na lenzi iliyokuja nayo. Ninunue nini?

Kifuko cha sponji cha kutumbukiza, kontena la jikoni, na silika. Begi subiri mwaka mmoja, hadi ujue kama miguu yako inakupeleka ukumbini au mlimani. Fedha inayobaki nunua lenzi ya 50.

Begi langu limelowa maji ya bahari. Nilifue vipi?

Siku hiyohiyo, usingoje kesho. Toa vigawanyio vyote na kile kipande cha chini, watu hukisahau. Mimina maji baridi yasiyo na chumvi, mengi, kwenye zipu kwanza huku ukizifungua na kuzifunga. Kisha sabuni kidogo ya kipande, brashi laini, usiisugue rangi ya mpira ya ndani. Sabuni ya unga na mashine ya kufulia hapana. Suuza hadi ukilamba mshono usisikie chumvi. Ndiyo, lamba, hakuna kipimo kizuri zaidi.

Anika kivulini penye upepo, limegeuzwa mdomo chini. Jua kali linaikausha gundi na sponji inaachana na kitambaa. Kwa nje litakauka jioni ile, nawe utatamani kulitumia, kumbe ndani ya mishono bado maji yamo. Lipe siku mbili, masika siku nne. Kabla hujarudisha kamera, chukua tishu, ibonyeze kwa nguvu kwenye pembe za chini na uhesabu hadi thelathini. Ikitoka na ubichi, rudisha begi kwenye kamba.